Vivuli Vilitangulia

Asubuhi hiyo mama mmoja kijana alikuwa akijaza wino kwenye mashine ya mitetemo, kazi inayotaka mkono uliotulia na ulimi uliobanwa kidogo pembeni mwa mdomo. Mashine yenyewe ilikuwa pipa dogo la chuma lililovikwa karatasi, likizunguka polepole kutwa kucha, na sindano yake ikichora mstari mmoja usio na mwisho. Mlima ukitulia, mstari ulinyooka kama uzi. Mlima ukikohoa, mstari ulijikunja. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa mbele ya mashine hiyo zamu nyingi kuliko wenzake, kituoni walimwita Mama Sindano, na hata mkwewe alikuwa ameanza kumwita hivyo anapotaka kumchokoza.

Kituo kilikuwa juu ya kilima, mkabala na mlima. Dirisha moja lilitazama kinywa cha mlima, ambacho siku hiyo kilitoa moshi mwembamba kama wa jiko la mtu anayebana mkaa. Dirisha la pili lilitazama mtaa wa bondeni na barabara iliyoteremka kutoka mtaani kwenda mjini. Mama Sindano alifuta vidole, akamimina chai, akaenda kwenye dirisha la pili kumtafuta binti yake kwa macho, kama alivyofanya kila siku saa ya chai. Binti alikuwa na miaka minne. Walimwita Kifaranga kwa sababu hakujua kutembea bila kurukaruka, na mchana alishinda bondeni kwa bibi yake mzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini.

Alimwona barabarani. Hakuwa yeye hasa, kilikuwa kivuli chake. Kilirukaruka juu ya lami na kandambili moja mguuni, na nyuma yake vilifuata vivuli vya mtaa mzima, msururu mrefu, vimebeba mizigo. Wenye vivuli hawakuwepo. Kivuli cha fundi cherehani kilikuwa na kivuli cha cherehani kichwani. Kivuli cha muuza mkaa kilisukuma kivuli cha baiskeli. Kivuli cha mama mjamzito kilitembea kimeshika kiuno. Jua lilikuwa limeshapanda, kwa hiyo vivuli vilikuwa vifupi na hatua zake fupi, na mizigo ilivitaabisha.

“Vinahama,” Mama Sindano alisema.

Mkuu wa kituo, mzee mpole aliyekuwa akifunga mkono wa miwani yake kwa uzi, aliinuka akaja kutazama. Aliuliza vinaelekea wapi. Akajibiwa kwamba vinafuata mshale.

Kila ukuta wa mtaa wa bondeni ulikuwa na ramani ya tahadhari, na kila ramani ilikuwa na mshale mwekundu uliotoka mtaani, ukateremka na barabara, ukaishia kwenye kiwanja cha mpira ukingoni mwa mji. Huko ndiko watu walikotakiwa kukusanyika siku mlima utakapochafukwa, wangoje mabasi. Kamati ya maafa iliufanyia mshale huo majaribio kila mwaka. Majaribio yalifanyika mezani, ukumbini, kwa vizibo vya soda. Wajumbe walikunywa soda, wakapanga vizibo juu ya ramani, kimoja kwa kila nyumba, kisha wakavisukuma kwa vidole kufuata mshale mpaka kiwanjani. Hakikuwahi kupotea hata kimoja. Hakuna mjumbe aliyewahi kuutembea mshale huo kwa miguu yake, maana vizibo vilikuwa vikifika salama.

Ilitokea kwamba majaribio ya mwaka huo yalikuwa siku hiyohiyo.

Mama Sindano alikuwa bado amesimama dirishani aliposikia sindano ikikwaruza. Mstari ulikuwa umeanza kujikunja. Haukujikunja kama siku za kawaida, ambapo mlima hukohoa mara moja na kunyamaza kama mtu aliyepaliwa. Ulipanda na kushuka, ukapanda tena, nao moyo wake ukaanza kwenda nao. Wakati huohuo redio ikasema kwamba kipimajoto cha chemchemi ya juu kimepanda kiasi cha kuweza kuchemsha yai. Mkuu alivaa miwani yake. Alisema kwa utulivu kwamba kazi imeanza, akasugua viganja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionekana kijana.

Kituo kilikuwa na bendera ya kijani na bendera ya njano. Ile nyekundu, ambayo maana yake ilikuwa ondokeni, ilikaa mjini kwenye mtoto wa meza ya mwenyekiti wa kamati, imefungiwa kwa ufunguo, isije ikapandishwa na mtu mwenye woga ikaharibu biashara. Watu wa bondeni walikuwa wameonywa mara nyingi wasiondoke bila kuiona, nao walikuwa watu wanaosikia. Mama Sindano akapiga simu ukumbini.

Mwenyekiti alipokea kwa furaha. Alimwambia kwamba vizibo vyote vimefika na wajumbe wanapongezana. Mama Sindano akamweleza kuhusu sindano, kuhusu chemchemi, na kuhusu vivuli vilivyokuwa barabarani. Mwenyekiti hakubisha kwamba vivuli viko barabarani; alisema hata yeye amekaa tangu asubuhi akiona kibarua mmoja wa bondeni anafagia ukumbi bila kivuli. Lakini utaratibu ni utaratibu.

“Vyombo vitatu, dada,” alisema. “Sindano, moja; chemchemi, mbili. Vivuli havimo kwenye orodha. Niletee cha tatu nikufungulie mtoto wa meza.”

Mama Sindano alirudisha simu mahali pake. Mkuu alikwisha kuipandisha bendera ya njano, ambayo maana yake ilikuwa jiandaeni, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyokuwa nayo. Kisha alivuta kiti mwenyewe mbele ya mashine. Akamwambia aende na gari la matangazo akaone vivuli vinaishia wapi, kwani wenyewe wataishia hapohapo.

Gari la matangazo liliendeshwa na mtu aliyeitwa Spika. Kabla ya kuajiriwa kituoni alikuwa mshereheshaji wa harusi, na sauti ya harusi haikumtoka. Alitangaza upungufu wa maji kwa namna ya kumkaribisha bibi harusi ukumbini. Siku hiyo alikuwa amefurahi kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amengoja tangazo kubwa tangu apewe kipaza sauti. Waliteremka wakivifuata vivuli kwa mwendo wa pole, na Spika alihakikisha hakanyagi hata kimoja. Kwa adabu yake, alipiga honi kidogo kila alipotaka kupita.

Mshale ulipoishia palikuwa na ukuta.

Ulikuwa mrefu, mweupe, na juu yake vipande vya chupa. Vivuli vilikuwa vimeufikia vikasimama, na vilivyofuata vikajibandika juu ya vilivyotangulia, hata sehemu hiyo ya ukuta ikawa nyeusi kama iliyopakwa lami. Bawabu wa geti alikuwa ameshahamishia kiti chake hapo, kwa kuwa palikuwa na ubaridi.

Mama Sindano alimwuliza kiwanja cha mpira kiko wapi.

“Unakitazama,” bawabu alisema. “Kiko chini ya kreti.”

Alieleza bila chuki kwamba humo ndani sasa ni ghala la soda, na kwamba ghala ni la shemeji yake mwenyekiti, lakini yeye hajasema kitu. Spika aliuliza kama watu wa bondeni wakifika watafunguliwa geti. Bawabu alisikitika kweli. Alisema tangu asubuhi amevikatalia hawa waungwana, akaonyesha ukuta kwa kidole, na kwamba kwa maagizo aliyopewa hata kivuli hakiingii bila kibali.

Mama Sindano alitazama nyuma. Barabara ilipita katikati ya vilima viwili kama mfereji, na chochote ambacho mlima ungekitapika kingeshuka humohumo, mpaka ukutani. Alitazama juu. Kilima cha kituo kilisimama pembeni, kikavu na kirefu, chenye kibao kilichoandikwa kwamba watu wasiohusika hawaruhusiwi. Alijaribu kumfikiria mtu wa bondeni asiyehusika, akamkosa.

Chini kabisa ya ukuta, mbele ya vingine vyote, kivuli cha Kifaranga kilikuwa kimekaa kitako na miguu mbele, kama mtoto anavyokaa akishachoka na safari ya watu wazima. Kandambili yake moja ilikuwa imeanguka ubavuni.

Mama Sindano alifungua mkoba. Chini ya kanga ya akiba, kitana na risiti kulikuwa na mbeleko aliyombebea Kifaranga alipokuwa mchanga. Mtoto alikwisha kuwa mzito wa kubebwa, lakini mama mtu alikuwa akichelewa kuitoa mkobani, leo kesho, leo kesho. Aliinama, akakibandua kivuli ukutani taratibu kuanzia mabegani, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala usitake aamke. Kilikuwa chepesi na cha baridi, mithili ya nguo iliyotolewa kambani alfajiri. Alikiweka mgongoni, akafunga mbeleko, akakaza fundo. Kivuli kikalaza shavu.

Kazi ya kivuli ni kufuata. Vile vya bondeni vilikuwa vimetangulia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuvitangulia, na ilionekana wazi kwamba vimechoka na kazi isiyokuwa yao. Mama Sindano alipogeuka na kushika njia ya kilimani, kivuli cha fundi cherehani kilijibandua kwanza, kikajitwisha cherehani yake. Halafu cha muuza mkaa. Halafu ukuta mzima ukaanza kuwa mweupe, na bawabu akapigwa na jua usoni.

“Nenda bondeni,” Mama Sindano alimwambia Spika. “Waambie wafuate vivuli vyao. Na uniletee Kifaranga.”

“Nimeshaita maharusi waliokwama saluni,” Spika alisema, akiwasha gari. “Mtaa mmoja tu utanishinda?”

Njia ya kilima ilikuwa na mawe na miiba, lakini jua sasa lilikuwa limeanza kuinama, na kadiri lilivyoinama ndivyo vivuli vilivyorefuka, na kadiri vilivyorefuka ndivyo hatua zake zilivyokuwa ndefu. Msururu uliojivuta asubuhi ukawa unapanda kwa kasi. Mama Sindano alisikia nyuma yake ukimya wa umati mkubwa unaokimbia. Damu ilimchemka, na kwa namna ambayo baadaye aliona aibu kidogo kuisema, alikuwa na furaha.

Kutoka bondeni sauti ya Spika ilimfikia vipande vipande. Aliwaomba waalikwa wote, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, waelekee kilimani bila kuchelewa, kwani shughuli inakaribia kuanza. Watu walitoka milangoni. Waliona vivuli vyao vikipanda ng’ambo, vyeusi juu ya majani makavu. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa na joto, kila mtu akimwonea mwenzake haya kwa kukosa kivuli, na hakuna aliyetaka kulala bila chake. Wakafuata. Fundi alijitwisha cherehani, muuza mkaa akasukuma baiskeli. Hakuna mke aliyebishana na mume kuhusu cha kubeba, kwa kuwa vivuli vilishachagua.

Mlima ukanguruma. Moshi mwembamba wa asubuhi ulikuwa sasa nguzo, na nguzo ikaanza kutanuka juu kama uyoga na kuelekea juani. Mama Sindano aliona jambo hilo akalielewa mara moja. Wingu likilifunika jua, vivuli vitazimika, na walio nyuma watakosa cha kufuata. Na huyu wa mgongoni pia atazimika, mwenyewe hajafika. Alikaza fundo la mbeleko. Alitafuta miongoni mwa watu waliokuwa wakipanda kichwa kidogo kinachorukaruka, asikione.

Kilichokuwa kikiendelea kwa bibi, Spika alikisimulia baadaye mara nyingi. Alilisimamisha gari mbele ya mlango. Bibi alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, na kivuli chake kimekaa pembeni yake kikichambua vivuli vya maharage. Hakikuwa kimeondoka. Katika mtaa mzima ni hicho pekee kilichobaki. Spika alimwomba kwa kipaza sauti, na alipoona hiyo ni kukosa heshima mbele ya mtu mzima, akashuka akamwomba kwa mdomo.

Bibi alimjibu kwamba mlima huu uliwahi kumtupia majivu akiwa mwali, ukamtupia akiwa mjamzito, na nyumba hii aliijenga kwa mikono yake baada ya mara ya pili.

“Kivuli changu kimekaa, na mimi nimekaa,” alisema. “Kikiondoka, mtaniona.”

Spika akaanza kumwomba upya. Lakini Kifaranga, aliyekuwa ameshinda akitafuta kivuli chake uvunguni na ndani ya mtungi, alitoka nyuma ya nyumba, akatazama ng’ambo. Alimwona mama yake kilimani. Akaona mgongoni mwake kuna mtu.

“Amembeba yule,” Kifaranga alisema. “Na mimi je?”

Akatimua mbio. Kandambili moja ilimtoka pale pale. Bibi aliita, akaita tena, akatupa ungo, maharage yakatawanyika, naye akakunja gauni na kumkimbilia mjukuu. Kivuli cha bibi kilibaki kizingitini kwa muda mfupi, kikiyatazama maharage. Kisha kikainuka. Mjukuu alimfuata mama, bibi akamfuata mjukuu, kivuli kikamfuata bibi, kila kitu kwa mpangilio wake wa tangu zamani. Spika akaja nyuma na gari, akiwapigia vigelegele kwa kipaza sauti ili wasipunguze mwendo.

Mama Sindano alikuwa amefika kwenye kibao alipohisi teke mgongoni. Kivuli kilikuwa kimeamka. Aligeuka, akamwona binti yake akipanda kwa mikono na miguu, uso umejaa vumbi na wivu. Ukingo wa wingu ulikuwa umeshaligusa jua. Alifungua fundo, akakiteremsha kivuli chini, kikasimama mbele ya mwenyewe. Wakatazamana. Kifaranga alikikanyaga kisigino kwa kisigino, kwa nguvu, kama mtu anayevaa viatu vilivyombana. Kikashika. Kisha akanyoosha mikono juu.

“Sasa nibebe mimi.”

Mama yake akambeba. Alikuwa mzito kweli.

Bibi alifika wa mwisho, akihema, mkono kiunoni. Kabla hata ya kuvuta pumzi alimwambia mkamwana wake kwamba mtoto mkubwa kama huyo habebwi, anaharibiwa. Mama Sindano akasema, “Ndiyo, mama,” wala hakumteremsha. Kisha jua likafunikwa, na kilimani hakuna aliyekuwa na kivuli tena, na haikuwa neno, kwa sababu watu wote walikuwepo.

Mlima ulifanya ulichokuwa ukijiandaa kukifanya. Uji wa moto na matope ulishuka bondeni, ukachukua nyumba za chini na kuziacha za juu zimefukiwa hadi madirishani, ukaingia barabarani. Uliufuata mshale wote bila kukosea kona hata moja, ukaishia ukutani, ukapoa hapo. Ukuta ulikuwa umejengwa vizuri. Bawabu alipanda juu ya geti na redio yake, na ndani ya ghala haikuvunjika hata chupa moja.

Bendera nyekundu iliwasili jioni, imeletwa na tarishi kwa njia ya nyuma. Mwenyekiti alikuwa amekubali kwamba mlipuko wenyewe uhesabiwe kuwa chombo cha tatu. Majivu yalikuwa yakianguka na bendera ilikuwa imegeuka kijivu.

“Kawia ufike,” bibi alisema, akaipokea, akaikung’uta, akamfunika nayo Kifaranga aliyekuwa amelala chini ya meza ya mashine. Sindano ilikuwa bado inaruka huku na huku, na mkuu aliitazama kama mtu anayetazama fainali.

Baadaye kamati ilikaa. Ilitangazwa kwamba vizibo vyote vilifika na watu wote walipona, na kwamba mambo hayo mawili yanaendana. Vivuli viliingizwa kwenye orodha ya vyombo, mahali pa mwisho, na mbeleko ikapewa msumari wake kituoni kando ya bendera. Watu walirudi bondeni wakachimbua nyumba zao. Bibi aliikuta yake imejaa majivu, na kizingitini maharage yalikuwa yameota. Ramani mpya zikachapishwa kwa rangi za kung’aa na kubandikwa kwenye kila ukuta uliosimama. Mkuu wa kituo aliomba mshale uelekezwe kilimani. Alijibiwa kwamba haiwezekani kubadili mshale ambao majaribio yake hayajawahi kushindwa. Kibao cha watu wasiohusika nacho kilipakwa rangi upya.

Vivuli vya bondeni, sawa na wenyewe, ni vitu vinavyosikia. Mlima ukianza kukohoa huamka, huchukua mizigo, huufuata mshale mpaka ukutani na kusimama hapo. Bawabu hafukuzi mtu. Siku hizi ameweka benchi, na wapita njia hukaa kidogo kupunga hewa, kwa maana mjini hakuna kivuli kizuri kama kile. Watu husogea kupeana nafasi, wakiulizana habari za nyumbani.

Halafu juu kilimani sindano hujikunja, na Mama Sindano huitoa mbeleko kwenye msumari na kuteremka. Bawabu humwona akingali mbali. Humsalimia, humwuliza mtoto hajambo, naye hujibiwa hajambo, anaanza shule. Kisha bawabu hushusha pumzi, huvaa kofia, na kuanza kusogeza benchi, maana anajua jua linakuja.